Sebuleni: Paka Akinyamaza kwa Daktari

Toleo lililopita tulizungumzia namna ya kupika pilau kwenye jiko la bweni bila kuamsha king'ora cha moto, na ujumbe uliokuja ulikuwa mwingi kuliko kawaida. Leo hakuna chakula. Leo tuna paka.

Mada hii imetoka kwenu. Kwenye kikao chetu cha kahawa, wenzetu watatu walianza kulinganisha visa vya kuwapeleka paka wao kwa daktari. Wa kwanza alisema paka wao hulia njia nzima kwa sauti ya mtoto mchanga, mpaka abiria kwenye basi wanageuka kumtazama mwenye kikapu kana kwamba ameiba mtoto wa watu. Wa pili alisema wao hawafiki hata kwenye basi. Paka akiona kikapu tu, anaingia nyuma ya mashine ya kufulia na hatoki mpaka saa ya miadi ipite. Wa tatu alicheka akasema, "Wetu hana tabu. Akiwekwa juu ya meza hutulia tuli, kama sanamu. Hata daktari humsifu."

Ningependa kuanza na huyu wa tatu, maana huenda paka wake ndiye anayeogopa kuliko wote.

Lakini neno lenyewe kwanza. Kwa Kiswahili tunasema daktari wa mifugo, na ukilitaja mbele ya wazee wengine wanaona ng'ombe na mbuzi. Hata hivyo kufuga ni kufuga. Paka tunamfuga kama wengine wanavyofuga kuku, kwa hiyo jina linamfaa. Wapo wanaosema daktari wa wanyama. Yote mawili ni sawa, tumia lile ambalo kwenu halileti ng'ombe sebuleni.

Sasa tumtazame mnyama. Paka ni mwindaji, na yeyote aliyewahi kukuta panya asiye na kichwa kwenye zulia halihitaji somo hilo. Tunalosahau ni kwamba kwa udogo wake yeye pia ni windo la wengine. Paka wa kufugwa ni uzao wa paka mwitu wa Afrika, mnyama ambaye hata leo yupo Kenya na Tanzania. Paka mwitu huyo huwinda peke yake. Hana kundi kama simba, hana wa kumletea nyama akiumia. Akionekana dhaifu, mnyama mkubwa zaidi atamla. Kwa hiyo paka alijifunza zamani sana kuficha maumivu, na mafunzo hayo hayakufutika alipopewa mto na bakuli lenye jina lake.

Jambo la pili ni mahali. Mbwa wengi wakiwa na mwenye mbwa huridhika popote. Paka anahitaji pale pake. Kila siku anasugua mashavu kwenye mguu wa kiti, kwenye kona ya ukuta na kwenye suruali yako. Tunadhani anatubembeleza, na pengine ni kweli, lakini pia anaacha harufu ambayo sisi hatuinusi na yeye anaijua vizuri. Ni kama mtu anayepiga muhuri kila chumba: hapa ni pangu, hapa ni salama. Siku ya daktari anaondolewa kwenye mihuri yote hiyo kwa mara moja. Anatiwa ndani ya kikapu kinachotoka kabatini mara moja kwa mwaka, kinachonuka vumbi na hofu ya mwaka jana. Sakafu inamtikisika. Mlango unafunguliwa na kuna harufu ya dawa, ya mbwa, na ya paka wengine walioogopa kabla yake. Masikio yake husikia sauti nyembamba za zaidi ya hezi 60,000, wakati sisi tunaishia kwenye 20,000 hivi. Chumba tunachokiona kimya, kwake kinaweza kuwa kimejaa milio ya mashine.

Mnyama mwenye hofu ana njia tatu: kukimbia, kupigana, au kuganda. Paka angependa ile ya kwanza. Ndiyo maana yule wa nyuma ya mashine ya kufulia ana akili timamu kabisa. Akishafungiwa kikapuni njia hiyo imezibwa, zinabaki mbili. Anayepigana tunamwona: masikio yamelazwa nyuma, manyoya yamesimama, anapuliza kama pampu ya baiskeli, kisha makucha. Watu husema ana tabia mbaya. Kwa kweli anajaribu kumfukuza yule mkubwa kabla hajafikia hatua ya kuuma, na mara nyingi ametoa onyo mara tatu au nne ambazo hakuna aliyezisikiliza.

Anayeganda hatumwoni. Huyu hapuulizi wala hapigi. Anajikunja, anakusanya miguu chini ya tumbo, mkia ameuzungusha mwilini, kichwa ameshusha. Daktari anampapasa, anamchoma sindano, na yeye hasogei. Mwenye paka anasema, "Ametulia." Wahenga wetu walishasema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na nadhani walikuwa na paka.

Mtu atajuaje tofauti ya aliyetulia na aliyeganda? Anza na macho. Mboni zikiwa zimetanuka na kuwa nyeusi tii ndani ya chumba chenye taa kali, hiyo ni hofu. Tazama masikio: yakigeukia pembeni au kulala, ni hofu. Mpe kile chakula anachokiiba nyumbani. Akikikataa wakati hajashiba na si mgonjwa wa tumbo, ni hofu. Tazama meza yenyewe. Paka hutoka jasho kwenye nyayo, na akiogopa huacha alama za unyevu juu ya chuma, kama mtu aliyetembea bafuni bila viatu. Tazama pia nguo yako, maana paka mwenye hofu hupukutisha manyoya ghafla. Paka aliyetulia kweli huwa na harakati. Ananusa, anageuza kichwa kutazama mlango, anasugua shavu kwenye kona ya kikapu, anakula.

Na ule mngurumo wa kifuani, ambao nyumbani tunauhesabu kuwa wimbo wa furaha, nao hautoshi kuwa ushahidi. Paka hunguruma akiwa mapajani mwako, na hunguruma pia akiwa na maumivu makali. Usikie, lakini usiutegemee peke yake.

Utaniuliza: kama ameganda na daktari akamaliza kazi yake, shida iko wapi? Shida ya kwanza iko kwenye vipimo. Hofu hupandisha mapigo ya moyo na presha ya damu. Hupandisha pia sukari, na kwa paka inaweza kupanda kiasi cha kufanana na kisukari. Daktari mwenye uzoefu anajua hili, ndiyo maana hupima presha zaidi ya mara moja baada ya kumpa paka muda, na akishuku kisukari huweza kuagiza kipimo kingine cha damu kinachoonyesha hali ya sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita. Yote hayo ni muda na pesa ambazo zingepungua kama paka angefika akiwa na hofu ndogo.

Shida ya pili ni kubwa zaidi, na hii nimeiona nyumbani kwetu. Safari ikiwa vita, watu huacha kwenda.

Kwetu paka ni wa Bibi, mama yake mama. Anaitwa Kaimati, kwa sababu alipoletwa alikuwa wa mviringo na rangi ya kitu kilichotoka kwenye mafuta. Bibi alikulia Lamu, ambako paka ni wa mtaa mzima. Wanalala barazani, wanawangoja wavuvi, na hakuna anayewatia ndani ya kisanduku. Alipokuja kuishi nasi Uingereza, kumtia kiumbe gerezani na kumpandisha gari kulimchoma moyo. Safari moja ya chanjo ilihitaji watu wawili na taulo, na mkono wa Bibi ukatoka damu. Siku hiyo alisema, "Basi. Simtesi tena paka wangu." Miaka mitatu Kaimati hakumwona daktari. Alikuwa mnene, anakula, analala. Hakuna aliyeona sababu.

Msimu wa baridi uliopita, Ijumaa moja, Kaimati alianza kuingia kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka, anarudi tena. Bibi alisema amefunga choo, akamtilia mafuta ya zeituni kwenye samaki. Kaimati hakula. Mama alitaka apelekwe. Bibi alitaka asubiriwe mpaka Jumatatu, labda mafuta yatafanya kazi na vita havitahitajika. Nilipopiga simu kliniki, muuguzi aliuliza maswali mawili tu: je, ni dume, na je, kuna mtu aliyeona mkojo leo? Ni dume. Hakuna aliyeuona. Akasema mleteni sasa hivi.

Hili kila mwenye paka dume alijue. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana. Ukizibwa na chembe za mawe au ute, mkojo hautoki. Figo hushindwa, sumu na madini ya potasiamu hujaa kwenye damu, moyo huvurugika mapigo. Ndani ya siku moja hali inaweza kuwa mbaya, na ndani ya siku mbili tatu anaweza kufa. Kwa nje anafanana kabisa na paka aliyefunga choo. Kusubiri Jumatatu kungekuwa kumsubiri afe.

Tulifika usiku. Kaimati, ambaye mara ya mwisho alipigana kama askari, aliwekwa mezani na hakufanya chochote. Bibi akashusha pumzi. "Mwaona ametulia? Hana kitu huyu. Turudini nyumbani."

Mimi ndiye niliyekuwa nakalimani, na wengi wenu mnajua kazi hiyo, ya kusimama katikati ya mzee na mtaalamu huku kila mmoja akikutazama wewe badala ya kumtazama mwenzake. Nilimwambia daktari alichosema Bibi. Daktari hakubishana. Alimwonyesha Bibi mboni za macho, kisha alama za nyayo juu ya chuma, kisha akauchukua mkono wake polepole akauweka chini ya tumbo la Kaimati. Kibofu kilikuwa kigumu kama chungwa. Akaeleza kwamba kimya hiki ni cha mnyama mwenye maumivu na hofu ambaye hana tena nguvu ya kupigana. Nilitafuta neno. "Hajatulia, Bibi," nikasema. "Ameganda."

Neno hilo Bibi analijua vizuri. Kila asubuhi ya baridi hulalamika kwamba mafuta yake ya nazi yameganda kwenye chupa na hayamiminiki. Alimtazama paka, akatazama zile alama za unyevu, akasema, "Haya. Fanyeni."

Kaimati alipewa nusukaputi, akatiwa mpira mwembamba wa kutoa mkojo, akalazwa siku tatu. Yupo hai. Sasa anakula chakula maalumu anachokichukia, na Bibi ana daftari la kuandika mkojo.

Neno nusukaputi nimelitaja kwa makusudi. Kwa Kiingereza usemi mmoja wa kumlaza mnyama usingizi unaweza kuwa na maana mbili: kumpa dawa ili apasuliwe kisha aamke, au kumpa sindano ya mwisho asiamke tena. Ukiugeuza neno kwa neno, mzee anaweza kutia saini asichokielewa, au akakataa matibabu ambayo yangemponya paka. Kwa la kwanza tunalo neno letu, nusukaputi, na waliopasuliwa hospitali za nyumbani wanalijua. Kwa la pili, sema wazi: sindano ya kumaliza maisha yake ili asiteseke. Ni maneno mazito kwa kijana kuyasema mbele ya bibi yake. Ni mazito zaidi kuyasema siku ya pili, wakati anangoja paka aamke.

Sasa tuje kwenye namna ya kuipunguza vita. Haya ni mambo ambayo madaktari na wauguzi wa paka hushauri, na karibu yote huanzia nyumbani, wiki kadhaa kabla ya miadi.

Kikapu kisikae kabatini. Kikae sebuleni, mlango wazi, na kitambaa ambacho paka amekilalia ndani yake. Mwekee chakula karibu nacho, baadaye mlangoni, baadaye ndani kabisa. Lengo ni kikapu kiwe kitu cha nyumbani kama kiti, chenye harufu yake mwenyewe. Kama mnanunua kipya, tafuteni cha plastiki ngumu kinachofunguka mbele na juu, na ambacho nusu ya juu inatoka. Nitaeleza sababu.

Siku yenyewe, funga milango ya vyumba mapema, kabla hajaanza kushuku. Usimkimbize. Kumkimbiza ni kumwambia kwamba hofu yake ina msingi. Zipo dawa za kupuliza zenye mfano wa harufu ya mashavu ya paka. Ukiitumia, puliza ndani ya kikapu dakika 15 kabla hajaingia ili pombe iliyomo ikauke. Wengi hutapika au kujisaidia njiani, kwa hiyo tandika kitu cha kunyonya maji na ubebe kitambaa cha akiba. Uliza kliniki kama anyimwe chakula saa chache kabla, hasa kama ni mtoto au ana kisukari, maana hao hawafai kushindishwa njaa ovyo.

Funika kikapu kwa taulo. Kibebe kwa mikono miwili, kwa chini. Ukikishika mpini na kukibembeza kama mkoba wa sokoni, aliye ndani yuko kwenye mashua siku ya dhoruba. Kwenye gari kiweke sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au ukifunge kwa mkanda. Kwenye basi kiweke mapajani. Akianza kuhema mdomo wazi kama mbwa na asiache, mwambie daktari mara tu ukifika, maana kwa paka hiyo si kawaida.

Kwenye chumba cha kungojea usikiweke chini, ambako kila mbwa anapitisha pua. Kiweke kwenye kiti au rafu, kimefunikwa, kikitazama ukuta. Unaweza pia kuomba miadi ya saa isiyo na watu wengi. Mwaka 2012 shirika la International Cat Care, lililoanza hapa Uingereza mwaka 1958 kwa jina lingine, lilianzisha mpango wa kuzitambua kliniki zinazowajali paka. Wengi wa waliomo wametenga sehemu ya paka kungojea mbali na mbwa. Kuuliza kabla ya kujiandikisha hakugharimu kitu.

Ndani ya chumba cha daktari, fungua mlango wa kikapu halafu ongea na daktari mambo mengine. Mpe paka dakika chache atoke kwa hiari yake. Asipotoka, ndipo ile nusu ya juu inapoondolewa, naye anapimwa akiwa amekaa kwenye kitambaa chake mwenyewe. Usikiinamishe kikapu na kummimina kama unga. Zamani ilikuwa kawaida kumshika paka mzima kwa ngozi ya shingo, kwa hoja kwamba mama yake alimbeba hivyo. Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa paka uliotolewa mwaka 2022 unapinga mtindo huo. Mama hubeba watoto wachanga kwa muda mfupi, na paka mkubwa akishikwa hivyo anaweza kuganda kwa hofu, ndipo sisi tunadhani ametulia. Ukiona jambo ambalo hulielewi, ni haki yako kuuliza kwa adabu kama taulo linaweza kutumika badala yake.

Jicho lako nalo lina kazi. Kumkodolea paka macho ni kumtisha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akifumba na kufumbua macho polepole, paka wengi humjibu kwa macho yale yale, na wako tayari zaidi kumkaribia hata kama ni mgeni. Jaribu nyumbani kwanza. Bibi anafanya hivyo tangu zamani na anaita kusalimiana.

Kwa paka ambao yote haya hayawatoshi, daktari anaweza kuwaandikia dawa ya kupunguza hofu, kama gabapentin, ya kupewa nyumbani saa kadhaa kabla ya safari. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari kwa kipimo cha paka wako. Dawa za binadamu zisitumike kabisa. Hasa parasetamoli, ambayo haikosekani kwenye mkoba wa mzee yeyote wa Kiswahili: ini la paka haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Tafadhali mwambieni kila mtu nyumbani, kwa Kiswahili, leo.

Mkirudi, kama kuna paka mwingine, msishangae akimpulizia mwenzake. Aliyerudi ananuka kliniki, na kwa aliyebaki ni mgeni aliyevaa sura ya ndugu. Watenge kwa saa kadhaa, msafiri alale kwenye kitambaa cha nyumbani mpaka harufu irudi.

Mawili ya mwisho, ya sheria na mfuko. Tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria ya England inataka kila paka wa kufugwa awekewe chipu chini ya ngozi kabla hajatimiza wiki 20. Akigundulika hana, mwenye paka hupewa siku 21 za kurekebisha, na asipofanya hivyo faini inaweza kufika pauni 500. Kwa hiyo hata paka asiyetoka nje anayo safari moja ya lazima. Na kwa familia ambazo bei ndiyo inayowazuia, PDSA, iliyoanzishwa na Maria Dickin huko Whitechapel mwaka 1917 kwa ajili ya wanyama wa maskini, bado inatibu bure au kwa bei nafuu wanyama wa watu wanaopata baadhi ya misaada ya serikali. Wazee wengi hawajui kwamba wanastahili. Msaidieni mzee wenu kuuliza.

Kwa mwenzetu wa tatu: mara nyingine paka wako akisifiwa kwa utulivu, mtazame macho, kisha utazame meza. Kama kuna alama za unyevu, mwambie daktari. Kisha rudi nyumbani ukitoe kikapu kabatini.

Toleo lijalo Sebuleni itazungumzia kulea mimea ya mchaichai na mkaratusi dirishani wakati jua linatoka saa nne tu kwa siku. Mwenye siri ya kuuokoa mchaichai mwezi wa Januari atuandikie.